Eshapema: historia ya bomba la moshi, kutoka Brooklands hadi Kadutu

Siku moja ya Jumapili, katika kiwanja cha nyumba yetu huku Kadutu, mtoto wa ndugu yangu aliniomba nimshikilie kle ya 10. Yeye ni motari. Kila siku anabeba watu kwa TVS kati ya soko la Kadutu, Nyawera na Essence, na jioni anampelekea mwenye pikipiki feza yake. Siku hiyo alikuwa amenunua eshapema mpya, fupi, yenye kung'aa na mdomo mpana. Alitaka kuifunga yeye mwenyewe ili asilipe fundi.

Nikamwuliza: "Ile ya zamani ina shida gani?"

Akajibu: "Papa mdogo, haina shida. Lakini hii inatoa nguvu. Ngoja usikie sauti yake."

Baada ya saa moja tulikuwa tumemaliza. Alipowasha, kuku wa jirani waliruka ukuta, naye akacheka sana.

Siku tatu baadaye, saa moja ya jioni, alikuwa anateremka kuelekea nyumbani. Alipoachilia mkono wa esansi, eshapema ikalia: pa! pa! pa! Mama mmoja anayeuza sambaza kando ya barabara alitupa beseni lake na kumlalia mtoto wake chini. Watu wengine walikimbilia ndani na kufunga milango. Mara hiyo hakuna aliyecheka. Bukavu ilisikia risasi mwaka wa 1996, ikazisikia 1998, tena 2004, na tena mwezi wa pili wa 2025. Masikio ya wakaaji wake hayangoji kuuliza kama ni bunduki ao ni pikipiki.

Tangu siku hiyo nimekuwa najiuliza maswali. Nani aliweka kile chombo kwenye pikipiki, na kwa sababu gani? Je, ni kweli kwamba kinakula nguvu ya injini, kama vijana wetu wanavyosema? Nimetafuta, nimeuliza mafundi, na leo ninawaletea historia yake. Mtaona kwamba watu waliotafuta mwendo kutupita sisi wote, wale wa mbio, ndio waliogundua kwamba kelele na nguvu ni vitu viwili tofauti.

Mlio unatoka wapi

Tuanze na injini yenyewe. Ndani ya silinda, esansi na hewa vinawaka na kusukuma pistoni. Mlango wa moshi unapofunguka, gesi bado ina joto kali, na shinikizo lake ni kubwa kuliko la hewa ya nje. Inatoka kwa kishindo, kama mfuko wa karatasi uliojazwa hewa kisha ukapasuliwa kwa kofi. Katika injini ya silinda moja ile tunayoita "quatre temps", kishindo hicho kinatokea mara moja kila injini inapozunguka mara mbili. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, vishindo ni 3,000, ni kusema 50 kwa kila sekunde. Sikio haliwezi kuvitenganisha, linasikia mlio mmoja mrefu.

Kizuia sauti, ile sehemu nene ya eshapema, ni sanduku la vyumba. Gesi inaingia katika chumba cha kwanza, inapanuka, inapoa kidogo, inapita kwenye matundu na kuingia chumba cha pili, na kuendelea hivyo. Mawimbi ya sauti yanagonga kuta, yanarudi, yanakutana na mengine na kudhoofishana. Vishindo vilivyoingia vikali vinatoka vimekuwa pumzi iliyo karibu sawasawa. Hakuna kitu kingine ndani yake zaidi ya bati, matundu na hesabu.

Wakati pikipiki ilikuwa mtoto mchanga

Mwaka wa 1885, huko Ujerumani, Gottlieb Daimler na mwenzake Wilhelm Maybach walifunga injini ndogo ya sentimita za ujazo 264 kwenye baiskeli ya mbao. Nguvu yake ilikuwa nusu ya farasi mmoja. Mwaka wa 1894, katika mji wa Munich, Hildebrand na Wolfmüller walianza kutengeneza pikipiki za kuuza kwa wingi, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya kabla yao. Barabara za wakati ule zilikuwa za farasi. Chombo chenye kelele kilipopita, farasi walishtuka, mikokoteni ikapinduka, na watu wakaumia. Kwa hiyo tangu mwanzo kelele ya injini ilikuwa jambo la usalama wa watu, kabla hata ya kuwa jambo la usingizi.

Mwaka wa 1897, ndugu wawili wa mji wa Columbus, jimbo la Indiana huko Marekani, Milton na Marshall Reeves, walipata hati ya ugunduzi wa kizuia sauti cha injini. Walikuwa wametengeneza gari lao wenyewe, nalo lilikuwa na makelele makubwa. Miaka michache baadaye Hiram Percy Maxim, Mmarekani mwingine, alitengeneza kizuia sauti cha bunduki na kupata hati yake mwaka wa 1909. Mtu huyohuyo alishughulika pia na vizuia sauti vya injini. Fundi mmoja, kazi moja: kutuliza gesi inayotoka kwa kishindo katika bomba. Niliposoma habari hiyo, nilimkumbuka yule mama wa sambaza. Bunduki na eshapema ni ndugu kwa namna zinavyopiga kelele, na yeye hakukosea sana.

Lakini waendeshaji wa zamani nao walikuwa na mawazo kama ya vijana wetu. Pikipiki na magari mengi ya mwanzo yalikuwa na kilango kwenye bomba, chenye kufunguliwa kwa mkono ao kwa mguu. Mtu akitoka mjini alikifungua, moshi ukatoka moja kwa moja bila kupita kwenye kizuia sauti. Aliamini kwamba sasa injini inapumua. Wengine walisahau kukifunga waliporudi mjini, na wengine hawakusahau, walipenda tu wasikiwe.

Majirani wa Brooklands

Mwaka wa 1907, karibu na mji mdogo wa Weybridge, kusini ya London, Hugh Locke King alifungua uwanja wa Brooklands. Ulikuwa uwanja wa kwanza duniani kujengwa kwa ajili ya mbio za vyombo vya injini: njia ya beton, pana, yenye kona zilizoinuliwa, urefu wake zaidi ya kilometa 4. Mwezi huohuo wa sita S. F. Edge aliendesha gari humo kwa muda wa saa 24, mchana na usiku. Majirani hawakulala. Walilalamika, na mbio za usiku zikakatazwa.

Majirani hao hawakuchoka. Katika miaka ya 1920 walifika hadi mbele ya mahakama. Wasimamizi wa uwanja waliona kwamba wanaweza kupoteza kila kitu, basi wakaweka sheria: pikipiki na magari yote yafungwe kizuia sauti kikubwa cha namna moja. Waingereza walikiita "Brooklands can", ni kusema kopo la Brooklands. Lilikuwa kopo kweli, nene na zito, lenye mkia mpana kama wa samaki. Na kwa sababu usiku ulikuwa umefungwa, mwaka wa 1929 walipotaka mbio za saa 24 walizigawa mara mbili: saa 12 siku ya kwanza, magari yakalazwa usiku, kisha saa 12 siku ya pili. Mbio hizo ziliitwa "Double Twelve", ni kusema kumi na mbili mara mbili.

Wanambio walilia kwamba kopo litaua mwendo. Je, liliua? Tarehe 30 mwezi wa sita 1937, Walter Handley, akiwa juu ya BSA ya sentimita za ujazo 500, alizunguka Brooklands kwa mwendo wa maili 107 na zaidi kwa saa, yaani karibu kilometa 173. Kwa kupita maili 100 alipewa nyota ndogo ya dhahabu, na kutokana na nyota hiyo kiwanda cha BSA kikaita pikipiki yake mpya Gold Star, jina ambalo wapenda pikipiki wanalijua hata leo. Yote hayo yalifanyika katika uwanja ambamo kopo lilikuwa la lazima. Mafundi walikuwa wamekaa chini na kuhesabu: urefu gani wa bomba, upana gani, kopo likae wapi. Waliacha kulia, wakafanya kazi.

Kipande cha bati kilichoibwa

Sasa twende Ujerumani ya Mashariki, katika mji wa Zschopau. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia kilibaki huko kiwanda cha pikipiki ambacho baadaye kiliitwa MZ. Hakikuwa na mali nyingi. Injini zake zilikuwa zile ndogo za "deux temps", zinazochanganya mafuta na esansi. Mkubwa wa kitengo cha mbio alikuwa injinia Walter Kaaden.

Injini ya "deux temps" ina ugonjwa mmoja: mlango wa moshi na mlango wa hewa mpya vinakuwa wazi kwa wakati mmoja, kwa hiyo sehemu ya esansi mpya inatoka pamoja na moshi bila kuungua. Kaaden aliona kwamba bomba linaweza kutibu ugonjwa huo. Alilitengeneza likaanza jembamba, likapanuka kama tumbo, kisha likafinywa tena mwishoni. Wimbi la shinikizo linatoka kwenye silinda, linafika mwisho uliofinywa, linagonga na kurudi nyuma. Likirudi kwa wakati unaofaa, linasukuma ile esansi iliyokuwa inatoroka na kuirudisha ndani kabla mlango kufungwa. Bati tupu, lisilo na kipande hata kimoja kinachozunguka, linafanya kazi ya pampu.

Mwaka wa 1961 injini ya MZ ya sentimita za ujazo 125 ilikuwa inatoa nguvu ya farasi 25, kiasi ambacho hakuna injini ya namna yake, isiyosukumiwa hewa kwa mashine, ilikuwa imefikia kwa ukubwa huo. Boxer ya leo ya 125 haifiki nusu yake. Lakini mwaka huohuo, wakati wa mbio za Sweden, mwendeshaji wa MZ Ernst Degner aliikimbia nchi yake na kwenda kufanya kazi na Suzuki ya Japani. Elimu ya Kaaden alikwenda nayo. Mwaka wa 1962 Degner na Suzuki walishinda ubingwa wa dunia wa pikipiki za 50. Siku zile nchi zilikuwa zinaibiana siri za roketi na za nyuklia, na hapa siri iliyovuka mpaka ilikuwa ya injini ndogo na umbo la bomba la moshi.

Umbo hilo lilifika hata kwetu. Wazee wa Kivu wanakumbuka pikipiki za Yamaha AG100 na DT125 za misioni, za waganga na za mashirika, zenye mlio wa juu kama nyuki na moshi wa rangi ya buluu. Lile tumbo kwenye bomba lao ni la ukoo wa kazi ya Kaaden. Fundi aliyelikata akidhani anaifungua njia, aliua pikipiki. Ililia zaidi na kupanda mlima kidogo.

Kutoka Fukuoka hadi vitrini za butike

Tukisema juu ya eshapema ambazo hazikutoka kiwandani pamoja na pikipiki, hatuwezi kumpita Hideo Yoshimura. Alizaliwa Japani mwaka wa 1922, akafundishwa kazi ya ndege katika jeshi la majini. Baada ya vita, katika mji wa Fukuoka, alianza kuwatengenezea askari wa Marekani waliokuwa huko pikipiki zao ziende mbio zaidi. Mwaka wa 1971 alileta kitu kipya kwa ajili ya Honda CB750, pikipiki ya silinda nne: mabomba manne yanaungana na kuwa moja. Uzito ulipungua, na pumzi ya silinda moja ikawa inasaidia kuvuta moshi wa nyingine. Mwaka wa 1978, mbio za saa 8 za Suzuka zilipofanyika kwa mara ya kwanza, kikosi chake kilishinda. Wengine wakafuata njia hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Slovenia, Igor Akrapovič, aliyekuwa yeye mwenyewe mwanambio, alianzisha karakana ya mabomba inayojulikana sasa dunia nzima.

Hapo ndipo ilipozaliwa ndoto inayouzwa katika butike zetu. Kijana anaona kwenye simu pikipiki kubwa za mbio zikiwa na bomba fupi lenye kung'aa, anaona zinashinda, anafikiri bomba ndilo lililoshinda. Haoni kwamba lilipimwa kwa injini ile tu, kwamba kazi ya Yoshimura ilihitaji silinda nne zinazosaidiana, na kwamba karburateri ilirekebishwa pamoja nalo. TVS na Boxer zetu zina silinda moja. Haina ndugu wa kuivutia moshi.

Sheria nayo ilitembea

Mkataba wa Genève wa 1949 juu ya usafiri wa barabara ulidai kila chombo cha injini kiwe na kizuia sauti kinachofanya kazi wakati wote, ambacho mwendeshaji hawezi kukikatiza akiwa njiani. Mnakumbuka kile kilango cha zamani? Ndicho kilichokatazwa hapo. Marekani iliweka kipimo kwa pikipiki mpya: desibeli 83 kwa zile zilizotengenezwa kuanzia 1983, na 80 kuanzia 1986. Umoja wa Mataifa nao, kwa njia ya tume yake ya uchumi ya Ulaya, una kanuni namba 92, inayohusu eshapema za kubadilisha peke yake. Ni kusema dunia imekubali kwamba mtu ana haki ya kununua eshapema nyingine, lakini iwe imepimwa kelele yake. Kwetu Kongo sheria ya barabara ni ile ya tarehe 30 mwezi wa nane 1978. Namna inavyofuatwa barabarani, kila motari anaijua kuliko mimi.

Motari mwenyewe ndiye wa kwanza kuumia. Wataalamu wa afya ya kazi wanasema sikio linaweza kuvumilia desibeli 85 kwa muda wa saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo unakatwa nusu. Ukifika 100, umebaki na robo saa. Mteja wa kyuma anashuka baada ya dakika kumi. Kijana wetu anakaa juu ya mlio ule toka asubuhi hadi jioni, siku sita kwa juma, na sikio likifa halifufuki.

Pikipiki zetu na kile kikopo

Baada ya vita vya 1996 na 1998, barabara zikiwa zimeharibika na kazi hakuna, vijana wengi wa huku mashariki walijipatia mkate kwa kubeba watu. Pikipiki za India na za China, zote "quatre temps", zilijaa mji. Kwa kadiri ya bei yake, injini hizo zimefanyiwa hesabu nzuri, na eshapema ni sehemu ya hesabu. Kiwanda cha Bajaj, kwa mfano, kwenye baadhi ya pikipiki zake kiliongeza kikopo kidogo kilichoshikamana na bomba karibu na injini, na kukiita ExhausTEC. Kazi yake ni kuongeza nguvu injini inapozunguka polepole. Ni hali gani hiyo? Ni ile ya motari wa Bukavu, mwenye wateja wawili ao na gunia la mihogo, anapanda mlima kwenye tope. Nimewaona vijana wakikikata kikopo hicho kwa msumeno, wakisema hakina kazi.

Kijana wetu nyumbani aliliona jambo hilo bila kusoma historia. Juma la pili alikiri: "Papa mdogo, ule mlima niliokuwa napanda kwa vitesi ya tatu, sasa narudisha ya pili. Na esansi inaisha mbio."

Tulikwenda kwa mzee mmoja mwenye garaji, mtu aliyefungua injini tangu wakati wa Zaire. Aliisikiliza pikipiki dakika moja, akamwambia: "Mtoto wangu, ulinunua sauti." Kisha akatuonyesha moshi uliokuwa unavuja pale bomba linapokutana na silinda. Hewa inaingia kwa ufa huo, inakutana na esansi ambayo haikuungua, ndani ya bomba lenye joto. Ndiyo sababu inapiga pa! kila anapoachilia mkono. Na wale wanaozima ufunguo wakiteremka kisha kuwasha tena ili ipige kama bastola, wanafanya hivyohivyo kwa makusudi. Esansi inajaa bombani bila kuungua, kisha inalipuka. Inapasua kuta za ndani za eshapema, na inapasua pia moyo wa mtu aliyezika watu wake.

Kama unafunga mwenyewe nyumbani

Simkatazi mtu kubadilisha eshapema. Mara nyingi ni lazima, kwa sababu zinaoza. Lita moja ya esansi ikiungua inatoa karibu lita moja ya maji, katika hali ya mvuke. Kwa safari fupi-fupi bomba halipati joto la kutosha, maji yanabaki ndani, bati linaliwa na kutu. Ndiyo maana vizuia sauti vingi vina kitundu kidogo chini. Wako mafundi wanaokiziba kwa kuchomelea wakidhani ni uharibifu. Kitundu hicho ni cha kutolea maji, kiacheni.

Haya ndiyo tuliyofundishwa na yule mzee, na ambayo sisi wawili hatukuyafanya Jumapili ile.

Nunua eshapema ya namna ya pikipiki yako, yenye vyumba ndani. Kabla ya kulipa, ichungulie na taa ya simu: ukiona upande wa pili moja kwa moja, hiyo ni bomba tupu. Fanya kazi injini ikiwa imepoa kabisa. Usiku wa kuamkia kazi, tia mafuta kwenye nati mbili zilizo kwenye silinda, maana zimeshikwa na kutu. Ukizilazimisha, ile chuma yenye nyuzi inakatikia ndani, na kuitoa kutakugharimu kuliko eshapema yenyewe.

Anza kufungua nati hizo mbili. Bulo ya nyuma, inayoshika kizuia sauti kwenye shasi, ifungue mwisho, ili bomba lisining'inie. Toa ile pete ya kuziba inayoitwa "joint" na utie mpya. Sisi tulirudisha ya zamani, iliyokuwa imeshapondeka, na ndiyo iliyozaa ule ufa. Weka bomba jipya na ukaze kila kitu kwa vidole kwanza, mbele na nyuma, likae bila kuvutwa. Kisha kaza nati za silinda kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, mpaka pete ilaliwe sawasawa. Bulo ya nyuma ndiyo ya mwisho.

Pangusa alama zote za mafuta kwa kitambaa kabla ya kuwasha. Paka maji ya sabuni kwenye kiungo, washa kwa muda mfupi, na uangalie: mapovu yakitokea, pana ufa. Rudisha pia ile bati ya kukinga joto. Ukiangalia miguu ya wateja wa Bukavu, hasa upande wa ndani wa mguu wa kuume, utaona alama za eshapema zisizofunikwa. Baada ya siku moja ya kazi, injini ikiwa imepoa, kaza tena, kwa sababu pete mpya inalala kidogo.

Eshapema ya zamani tuliitoa nyuma ya nyumba, tukaikung'uta kutu, tukainunulia pete mpya, tukaifunga kwa utaratibu huo. Ile yenye kung'aa iko bado nyumbani kwangu, nyuma ya mlango. Butike iliyoiuza haikutaka kuirudisha, na kijana hataki kumwuzia motari mwenzake.

Jioni ya siku ileile alikwenda kwa mama wa sambaza na kumlipa beseni alilomwaga. Nilikuwa pamoja naye. Mama alizihesabu feza, akazifunga kwenye pembe ya kitenge chake. Hakugomba. Alimwambia tu: "Mwanangu, kesho ukipita hapa, pita polepole. Mtoto bado anaamka usiku."

Ni mimi mwandishi wenu, kutoka Bukavu.